Kimya Kisicho cha Mtandao

Flavia aliogopa swali moja tu, na lenyewe lilikuwa jepesi hata mtoto angeweza kuliuliza: Desemba utakuja? Aliliogopa tangu alipofumbua macho, akaliogopa akifagia uwanja, akaliogopa akimenya ndizi na mama yake jikoni. Na sasa wageni walipoanza kuonekana kule chini kwenye njia, kati ya migomba na kahawa, aliliogopa zaidi. Wala si yeye aliyetakiwa kulijibu. Wa kulijibu alikuwa Denis, mwanaume aliyempenda kuliko alivyothubutu kumwambia mtu, ambaye saa ile alikuwa masomoni Uswidi, huko kwenye baridi, akingoja kompyuta yake ilie.

"Flavia! Hicho kidude umeshakiweka tayari?" mama yake, Mama Kornelia, aliita kutoka jikoni.

"Kiko tayari, mama."

"Sasa mbona umesimama kama mtu aliyefiwa? Leo unaposwa, mwanangu. Hebu cheka kidogo."

Flavia akacheka kidogo, kicheko cha midomo tu, halafu akarudi kukiangalia hicho kidude. Ilikuwa kompyuta ndogo ya kukunja, imewekwa juu ya meza barazani, imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua. Modemu yake ilining'inia kwa waya kwenye nondo ya dirisha, imeelekezwa upande wa mjini Mkuu, ulikosimama mnara mpya wa simu. Mwaka mmoja tu nyuma ungemwambia mtu wa pale Rombo kwamba ataongea na Ulaya akiwa barazani kwake, tena uso kwa uso, angekuuliza umekunywa kata ngapi za pombe tangu asubuhi.

Aliyetaka mambo yawe hivyo alikuwa baba yake, Mzee Theodory. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipoambiwa kwamba ndugu za Denis wanataka kuleta mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya posa wakati kijana mwenyewe hayupo, alivua kofia yake, akaiweka magotini, na Flavia akajua kuna jambo.

"Mbege nitaipokea," alisema. "Ila kabla sijaigusa, huyo kijana anitamkie kwa kinywa chake, mbele ya watu wake na watu wangu, kwamba Desemba anakuja kumchukua mke wake. Akitamka, tutakunywa. Asipotamka, waliobeba watabeba tena."

"Baba, si anaweza kukupigia simu?"

"Simu nazijua. Simu ndiyo iliyomwoa Theodora."

Theodora alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Theodory. Mbege yake ilinywewa zamani, bwana akiwa ng'ambo, na kwa desturi yao mbege ikishanywewa binti ni mke wa watu, hakuna mwanaume mwingine wa kumsogelea. Bwana hakurudi. Mpaka leo Theodora anaishi kwa wakwe zake, anachuma kahawa yao, anafua nguo zao, nywele zimeanza kuingia mvi, na hakuna anayejua amwite mke au mjane. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kusaidia kupika. Kila Flavia alipoingia jikoni alimkuta ameinama juu ya sufuria la machalari, ndizi kwa nyama, na kila alipomwona alitoka haraka.

Kisa cha hofu yake hata hivyo hakikuanzia pale mlimani. Kilianzia mjini Moshi, wiki ile ile, kwenye duka la intaneti la Urvashi.

Urvashi alikuwa amelingana naye kwa umri, na walikuwa zaidi ya mwajiri na mwajiriwa. Duka alilirithi kwa baba yake likiwa la vitambaa; akayaondoa majora, akaweka kompyuta na vibanda vya mbao vya kuongelea, na Flavia akawa msimamizi. Ukiniuliza mimi kazi yake hasa ilikuwa nini, nitakwambia alikuwa anawafundisha watu kungoja. Mama atatoka Pasua kuja kuongea na mwanawe aliyeko Marekani, atavaa visikilizio, ataanza kupiga kelele. Flavia atamshika bega.

"Sema, mama, halafu unyamaze. Usiseme tena mpaka umsikie yeye. Sauti inasafiri."

Na kweli ilikuwa inasafiri, tena kwa miguu. Unamuuliza mtu hajambo, unakaa, unaangalia dari, ndipo jibu linafika limekatika mkia. Picha ndiyo usiseme: inaganda mtu akiwa ameachama, unamwangalia meno mpaka unaona haya. Flavia na Denis walipendana hivyo mwaka mzima na zaidi. Aliuzoea ule mwanya kati ya neno lake na neno la Denis. Aliupenda hata. Ndani yake alikuwa anapata nafasi ya kuitazama sura iliyoganda, yale macho ya usingizi, na kujikumbusha siku walipojuana, Denis alipokuja kutengeneza spika za kanisani kwao. Alimkabidhi kipaza sauti akamwambia, "Sema chochote, dada." Flavia, kwa kukosa la kusema, akataja jina la fundi. Uwanja mzima wa parokia ukasikia: Denis. Waliokuwa wanafagia wakacheka mpaka wakaketi.

Ndipo ukaja mtandao mpya wenye kasi. Urvashi alinunua modemu siku ile ile ilipoanza kuuzwa.

"Flavia, njoo uone maajabu!"

Kwenye kibanda alikuwamo bibi mmoja wa Pasua, mteja wao wa kila wiki. Alisema jambo, binti yake huko aliko akacheka, na bibi naye akacheka, wakacheka pamoja, kicheko kimoja. Flavia alisisimka mwili. Kwa muda wote aliofanya kazi pale hakuwahi kuona watu wawili walio mbali wakicheka kwa pamoja. Yule bibi alivua visikilizio akawa anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mbona kama yuko hapa hapa?" alisema.

Zamu ya Flavia ilipofika, Urvashi akamvutia pazia. "Ongea na bwana wako. Mimi sisikii kitu," alisema, huku masikio ameyatega waziwazi.

Denis akatokea. Si kwa vipande vipande. Alitokea mzima, anapumua.

"Umenyoa!" Flavia alipiga kelele.

"Umeona?"

"Naona mpaka ulipojikata kidevuni."

"Wembe wa huku una roho mbaya. Na wewe umevaa ile blauzi ya kijani."

"Ipi?"

"Ya siku ya spika. Usijifanye hukumbuki, dada sema-chochote."

Wakacheka pamoja. Moyo wa Flavia ulijaa mpaka akashindwa kukaa vizuri kitini. Alimtania, akataniwa, alimuuliza kala nini, akajibiwa kabla hajafunga mdomo. Alihisi kama akinyoosha mkono atagusa kile kidonda kidogo. Kwa furaha ile ile akasema, "Sasa sikiliza. Jumamosi baba anataka umwambie mwenyewe, mbele ya wazee. Desemba utakuja?"

Kikaja kimya.

Kilikuwa kimya kile kile anachokijua, cha urefu ule ule. Kwa mazoea Flavia alikaa kukingoja. Halafu akaona kitu kilichomfanya aache kutabasamu. Denis hakuwa ameganda. Alipepesa kope. Koo lilipanda likashuka, amemeza mate. Nyuma yake pazia la dirisha lilipeperuka, likatulia, likapeperuka tena. Kila kitu kwenye kile kioo kilikuwa kinakwenda, isipokuwa jibu.

"Nitakuja, mpenzi," Denis alisema mwishowe. "Si nilishakwambia?"

"Mbona umechelewa kujibu?"

"Mtandao huo. Mtandao wenu unasumbua, kama kawaida."

Hilo lilifika papo hapo, safi, bila kukatika hata herufi.

Flavia alianza kuvikumbuka vimya vyote vya nyuma. Alipomuuliza masomo yanakwendaje. Alipomuuliza mbona ile gari yake, kwenye picha aliyomtumia, haina hata vumbi. Alipomuuliza Desemba ya mwaka jana, na ile ya kabla yake. Vyote alivisamehe kwa jina la mtandao. Sasa hakujua kipi kilikuwa cha mtandao na kipi kilikuwa cha Denis, na kutokujua huko ndiko kulikomwondolea usingizi.

"Vipi, sauti safi?" Urvashi alimuuliza alipotoka.

"Safi mno."

"Jumamosi nitakupa laptopu yangu na hii modemu. Huko kwenu mlimani mtandao mpya ukigoma, unabonyeza hapa, unarudi kwenye ule wa zamani. Utakwenda polepole, lakini utashika." Urvashi akamtazama vizuri. "We Flavia. Mbona umepauka hivyo? Kuna nini?"

"Baridi tu," Flavia alijibu, mchana ule wa Moshi ambao hata mbwa walikuwa wamejificha uvunguni mwa magari.

Sasa wageni waliingia uwanjani. Mbele alikuwa Filemon, baba mdogo wa Denis, aliyemlea tangu baba yake alipofariki, amevaa koti lake la Jumapili. Nyuma yake wanawake wa ukoo walibeba ndoo za mbege vichwani, zimefunikwa majani ya mgomba. Harufu ya ndizi na ulezi uliochachuka ikajaa uwanja mzima.

"Shikamoo, meku!" Filemon alimwamkia Mzee Theodory kwa heshima anayopewa mzee, ingawa walipishana miaka michache tu.

"Marahaba. Karibuni. Mmepandaje?"

"Tumepanda vizuri. Mlima wenu una makali, lakini mzigo wenyewe ni wa furaha, haulemei."

Watu wakacheka, viti vikasogezwa. Flavia alipiga magoti kusalimia, akapita kwa kila mmoja, halafu akakimbilia jikoni kama mtu aliyefukuzwa. Alimkuta Theodora peke yake, anafunika sufuria.

"Dada Theodora."

"Bee."

"Wewe... ulikuja kujua lini?"

Theodora hakuuliza kujua nini. Alijifuta mikono taratibu. "Sikuwahi kujua, mdogo wangu. Yeye alikuwa ananiambia laini mbaya. Kila nikimuuliza unarudi lini, laini mbaya. Na mimi nikawa naichukia laini." Alimtazama Flavia usoni. "Kwa nini unaniuliza leo?"

"Basi tu."

"Usiniambie basi tu."

"Nampenda, dada," Flavia alisema. "Nampenda mpaka naumwa. Nikimuuliza mbele ya watu, akanyamaza, baba atawafukuza. Nikimkosa Denis sijui nitaishije."

"Na ukimpata kama mimi nilivyompata wangu, unajua utaishije?"

"Flavia!" sauti ya baba iliita. "Njoo utuwashie."

Alitoka. Uwanja mzima ulikuwa umehamia barazani. Wazee mbele, wanawake nyuma, wengine wamesimama kwenye matofali wapate kuona. Flavia alifunua kitambaa, akawasha. Modemu ikawaka taa yake. Mtandao mpya ulikuwapo, tena wa nguvu. Mnara ulikuwa unawatazama. Kidole chake kikaenda pale Urvashi alipomwonyesha.

Hakujishauri sana. Mtu anayeogopa hana muda wa kujishauri. Alibonyeza, akarudi kwenye mtandao wa zamani, na hakuna mtu pale barazani aliyejua amefanya nini. Alijiambia ni kwa leo tu. Alijiambia Denis ana haya mbele ya wazee, kimya chake kikichanganyika na cha mtandao hakuna atakayekiona.

Kompyuta ikalia, ikalia, Denis akatokea. Nusu ya uso, halafu uso mzima, halafu akaganda ameachama.

"Mbona amekauka hivyo?" Filemon aliuliza. "Au ndiyo baridi yenyewe?"

Watu wakaangua kicheko.

"Shi... moo... wazee..." sauti ikaja.

"Marahaba!" waliitikia wote, na wakaitikia tena waliposikia mwangwi wao wenyewe ukirudi.

Mzee Theodory alivua kofia. Alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Denis! Mimi ni Theodory. Mbege ya watu wako iko hapa. Nakuuliza mbele yao. Desemba unakuja, au huji?"

Wakangoja. Flavia alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sura kwenye kioo ilikuwa haitikisiki. Kuku walipita chini ya viti. Mama Kornelia alipiga ishara ya msalaba.

"Sauti inasafiri," Filemon aliwaeleza wenzake kama mtu aliyekwisha kusafiri nayo. "Tulieni."

"Na... kuja, mzee. Desem... nakuja."

Vigelegele! Wanawake walivipiga mpaka ng'ombe zizini akalia. Filemon alisimama, akatumbukiza kata kwenye ndoo, akaijaza mbege mpaka ikamwagika vidoleni, akamkabidhi Mzee Theodory kwa mikono miwili. Mama Kornelia alikuwa analia na kucheka. Mzee aliipokea kata. Aliinua karibu na mdomo, akasimama hapo, maana kwenye ukoo wao baba hanywi mpaka binti mwenyewe aseme.

"Flavia, mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Mbege hii tuinywe?"

Jibu ni moja tu, na mabinti wote hulijua tangu utotoni. Ni kusema kunyweni, kwa sauti ndogo, macho chini. Flavia alifungua mdomo. Aliona punje za ulezi zikielea juu ya povu. Aliona uso wa baba yake, uzee wake, furaha yake aliyokuwa ameificha wiki nzima. Na nyuma ya vichwa vya watu alimwona Theodora mlangoni mwa jiko, ameshika mfuniko wa sufuria, hapigi vigelegele, anamtazama yeye tu.

"Baba," alisema, "naomba uningoje kidogo. Simu imekatika."

Haikuwa imekatika. Yeye ndiye aliyeikata. Aliinama juu ya kompyuta, akabonyeza pasipo mara mbili, akaurudisha mtandao mpya, akapiga tena. Uwanja ulikuwa bado unacheka.

Denis akatokea mzima, anapumua, kidonda cha kidevuni kimepona. "Vipi, wameshakunywa?" aliuliza hapo hapo.

Ile haraka yake ilimchoma Flavia kuliko kimya chochote.

"Bado. Wote wako hapa, wanakusikia na kukuona. Sasa nakuuliza mimi, Denis. Desemba utakuja?"

Kimya kikaja, na safari hii kilikuwa uchi. Watu wote walimwona Denis akipepesa macho. Walimwona akiangalia pembeni, kama mtu anayetafuta mlango. Mahali fulani chumbani kwake bomba la maji lilikuwa linadondosha matone, na matone hayo yalisikika barazani Rombo, moja baada ya jingine. Kicheko kilikufa uwanjani, kwanza kwa wazee, halafu kwa wanawake.

"Mtandao huo," Filemon alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mzee Theodory hakumtazama Filemon. Alimtazama binti yake, ambaye ndiye aliyejua mambo yale kuliko wote pale. "Flavia. Ni mtandao?"

Bado angeweza kudanganya. Neno moja lingetosha, ndiyo, na kata ingefika mdomoni.

"Hapana, baba," alisema. "Mtandao ni mzima."

Denis alijifunika uso kwa viganja. "Flavia, kwa nini unanifanyia hivi mbele ya wazee?"

"Kwa sababu nikikuuliza peke yangu nitakuamini."

"Flavia..."

"Nijibu."

"Siji," Denis alisema. "Siji. Sina cha kuja nacho."

Mama Kornelia alisema, "Yesu na Maria," akakaa chini, si kitini, chini kabisa.

"Denis!" Filemon alisimama. "Unasema nini wewe? Umerukwa na akili?"

"Nisamehe, baba mdogo. Chuo kiliniondoa tangu mwaka jana, nilishindwa mitihani. Naosha vyombo hotelini. Ile gari ya kwenye picha si yangu, nilisimama tu karibu nayo. Hata koti lilikuwa la mwenzangu." Sasa alikuwa anasema kwa haraka, kama maji yaliyofunguliwa. "Desemba mlima mzima unajaa watu waliorudi, kila mtu na chake. Mimi nipande na nini? Nishuke kwenye gari ya nani? Mama zangu wote wamesimama barabarani, niwape nini?"

"Sasa kwa nini uliwatuma na mbege?" Flavia aliuliza. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Ulitaka inywewe, mimi nifungwe hapa nikungoje?"

"Nilitaka usiende kwa mtu mwingine."

"Kwa hiyo ndiyo."

"Niliogopa kukukosa."

"Na mimi, je? Ulipolala na kuamka, hukuogopa kwa ajili yangu hata siku moja?"

Safari hii Denis hakuusingizia mtandao. "Niliogopa kwa ajili yangu tu," alisema.

Filemon alikuwa amekaa tena, koti lake la Jumapili limemkunjamana mabegani. Mzee Theodory alikuwa bado ameshika kata, mkono haujashuka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "swali langu hujalijibu. Tuinywe?"

Flavia aliwatazama wote. Alimpenda Denis dakika ile kuliko dakika nyingine yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana alijua sasa kwamba mtu anaweza kupenda hivyo na bado akalazimika kukataa.

"Msinywe, baba."

Mzee alimrudishia Filemon kata kwa mikono miwili, kwa heshima ile ile aliyoipokea nayo. "Mbege haikai, unajua," alimwambia binti yake. "Keshokutwa hii itakuwa siki."

"Najua, baba. Siku mwenyewe atakapokuja, watapika nyingine."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, mbege yangu itakuwa haijanywewa."

Wanawake walianza kufunika ndoo. Filemon alishika mkono wa Mzee Theodory akautikisa muda mrefu, akamshukuru kwa Kichagga, "Aika, meku, aika," akashindwa kuendelea. Kwenye kompyuta Denis alikuwa analia kama mtoto, hajifichi tena, na mgongoni kwake lile pazia lilikuwa linapeperuka.

"Usikate," alisema. "Flavia, nakuomba. Usikate."

Uwanja ulikuwa unabaki mtupu. Flavia alivuta kiti cha baba yake, akakaa mbele ya kioo. Bado alikuwa anaogopa. Aliogopa Desemba, aliogopa maneno ya watu sokoni, aliogopa usiku wa leo. Hakukata.

"Haya," alisema, akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa niambie ukweli. Hivyo vyombo unaosha kwa maji ya moto au ya ba..."

"Ya moto," Denis alisema kabla hajamaliza neno.